Uliza Fundi: Watoto 16 na nyundo moja

Swali: "Jambo sana, Baba Fundi. Mume wangu anafua shaba hapa Katuba, Lubumbashi, zile sahani za kutundika ukutani zenye ndovu na mama anayetwanga. Mwezi uliopita mtoto wetu wa kwanza, aliye chuo kikuu, alituonyesha kwenye simu habari za mtu wa Boston, Marekani, jina lake Paul Revere, wa miaka ya 1700. Akasema: 'Papa, huyu alikuwa fundi kama wewe, karibu na bandari, alikuwa na watoto 16 na wote walikula.' Mume wangu akaudhika. Akajibu kwamba mtu wa watoto 16 hawezi kuwashibisha kwa nyundo: ama aliiba, ama alikuwa mtu wa siasa. Sisi tuna watano na minervali, ada ya shule, inatushinda. Sasa ni wiki ya pili, baba na mtoto wanapitana mlangoni bila neno. Tuambie, yule mtu alilisha watoto wake na nini? — Mama wa watano, Katuba."

Jibu: Jambo yako, Mama, na jambo ya bwana wako. Mwambie aanze kusalimiana na mtoto, maana kila mmoja ameshika nusu ya ukweli na hataki kuiachia.

Hesabu ya watoto ni kweli. Wanane alizaa na Sarah Orne, aliyemuoa 1757. Sarah alifariki Mei 1773, na Oktoba mwaka huohuo Revere akamuoa Rachel Walker, naye akamzalia wanane wengine. Najua huko Katuba mtasema miezi mitano ni michache, matanga hayajapoa. Lakini angalia nyumba ile: watoto wamejaa, na kichanga, Isanna, ambaye naye alimfuata mama yake kabla mwaka haujaisha. Katika wale 16, waliofikia utu uzima ni 11. Kwa hiyo usiwaone wote wamezunguka sahani moja ya bukari (ugali). Wakubwa walikuwa wanaolewa wakati wadogo bado hawajazaliwa, na watano walizikwa wangali wadogo.

Sasa nyundo. Aliirithi. Baba yake alikuwa Mfaransa, Apollos Rivoire, Mprotestanti aliyetumwa Boston peke yake akiwa na miaka 13 hivi, akawekwa kwa mfua fedha mmoja, John Coney, ajifunze kazi. Mkubwa wake alipokufa mwaka 1722, miaka ya mafunzo iliyobaki ya yule kijana iliandikwa kwenye orodha ya mali za marehemu, pamoja na nyundo na makoleo, ikatiwa bei. Ilibidi ajinunue. Baadaye akabadili jina kuwa Paul Revere, maana watu wa pale Rivoire iliwashinda mdomoni. Akaoa Deborah Hitchbourn, binti wa familia ya mafundi waliokuwa na gati lao bandarini, na mtoto wao Paul akakulia humo, kati ya harufu ya lami ya meli na makala (makaa) ya tanuru.

Baba alifariki 1754. Paul alikuwa na miaka 19, na kwa sheria za pale hakuruhusiwa bado kuwa bwana wa karakana. Kazi ikaendelea kwa jina la mama. Mimi hapo nilisimama kidogo niliposoma, maana hata karakana ya marehemu baba yangu ilishikwa na mama miaka mitatu. Yeye hakujua kufua, lakini alijua nani ana deni letu.

Na deni ndilo jibu la swali lako, Mama. Mimi nina kaye nne, yaani madaftari, nilizoandika tangu nilipoacha kazi ya fonderi, kiwanda cha kuyeyusha na kusubu madini, nimezifunga kwa kamba ya katani. Ukizifungua huoni sahani kubwa nyingi. Unaona: kuziba sufuria ya mama fulani, kunyoosha bawaba, pete ya shaba ya mtu aliyeahidi kulipa Jumamosi. Revere naye alikuwa na kaye zake, kuanzia 1761, na bado zipo hadi leo. Kuna mabirika na vikombe vizuri vya matajiri, ndiyo. Lakini vijiko ndivyo vingi, pamoja na vifungo vya viatu, vifungo vya nguo, vyombo vya kutengenezwa upya. Kuna mtu alimwagiza mnyororo wa fedha wa kumfungia kindi. Ndiyo, kindi, yule mnyama wa mkia mrefu. Huko waliwafuga nyumbani. Fundi mwenye majivuno angecheka. Yeye alipima, akaunga, akaandika bei.

Fedha yenyewe mara nyingi haikuwa yake. Mteja alileta sarafu au birika la zamani lililopondeka, likapimwa, likayeyushwa, na fundi akalipisha fedha aliyoongeza pamoja na kazi ya mkono. Mume wako anaijua biashara hiyo: mtu analeta waya wa shaba ndani ya mfuko, anataka sahani, na wewe huulizi waya umetoka kwenye nguzo gani. (Mimi nauliza. Nimepoteza wateja kwa sababu hiyo.)

Katikati ya miaka ya 1760 biashara ya Boston ilianguka, na mwaka 1765 alishtakiwa kwa deni la pauni 10, mali yake ikakaribia kushikwa. Watoto walikuwa wanazidi. Hapo ndipo utamuona fundi ni nani. Alikuwa tayari anachonga picha kwenye bamba za shaba za kuchapia, akaongeza bidii. Akajifunza pia kazi ya meno kwa mganga wa meno Mwingereza aliyepita mjini, na mwaka 1768 akatangaza gazetini kwamba anatengeneza meno. Si kwamba aling'oa na kutibu kila kitu: alisafisha, na alifunga meno ya bandia kwa waya mwembamba. Mkono unaounga mnyororo wa kindi hauogopi kufunga jino. Mteja wake mmoja alikuwa rafiki yake, daktari Joseph Warren. Warren aliuawa Juni 1775, katika vita vya Wamarekani kujitoa chini ya Uingereza, akazikwa bila alama, na miezi kama kumi baadaye walipofukua, uso ulikuwa umekwisha. Revere ndiye aliyemtambua, kwa waya wake mwenyewe mdomoni. Mtoto wa kiume aliyezaliwa 1777 akaitwa Joseph Warren. Jina hilo usilisahau, tutakutana nalo chini.

Mwaka huohuo wa 1768 mchoraji Copley alimchora. Tafuta picha hiyo kwenye simu ya mtoto, uiweke mbele ya baba yake. Waheshimiwa wa wakati ule walichorwa na makoti. Huyu amekaa na shati, mikono nje, birika la fedha mkononi likiwa halijatiwa nakshi, limeegemea mto wa ngozi, na vyombo vya kuchongea viko mezani. Mume wako ataangalia ule mto wa ngozi kabla ya kuangalia uso.

Aliiba? Mume wako atafurahi: mara moja, ndiyo. Machi 1770 askari wa Uingereza waliua raia watano barabarani Boston. Kijana mmoja, Henry Pelham, alichora tukio lile. Revere akaipata picha, akaichonga kwenye shaba, akaichapa na kuiuza kabla mwenyewe hajauza yake. Pelham alimwandikia barua chungu, kwamba ni kama kunyang'anywa njiani. Picha iliyobaki midomoni mwa watu ni ya Revere. Sitamtetea. Mtu alinakili ndovu wangu wa masikio mapana, nikamuona sokoni na sahihi ya mwingine chini yake, na hadi leo nikimkuta yule bwana kwenye misa nabadilisha benchi.

Na siasa? Alikuwamo mpaka shingoni, lakini mwambie mume wako siasa ile haikuleta unga nyumbani, iliuondoa. Ule usiku anaokumbukwa nao, wa 18 Aprili 1775, alivushwa mto kwa mtumbwi, akapewa farasi wa kuazima ng'ambo ya pili, akakimbia kuonya vijiji kwamba jeshi la Waingereza linakuja. Wakamkamata njiani, wakamwachia, farasi wakamchukua. Farasi wa kuazima! Hakurudi tena kwa mwenyewe.

Kuna jambo moja katika safari ile ambalo wanaosimulia huko huliruka, na mimi Mwafrika siwezi kuliruka. Revere mwenyewe alipoandika baadaye njia aliyopita, alitaja mahali farasi wake alipokutana na maafisa wa Kiingereza: karibu na pale Mark alipotundikwa kwa minyororo. Mark alikuwa mtumwa mweusi, aliyeuawa 1755 kwa kosa la kumpa sumu bwana wake, mwili wake ukaachwa umening'inia barabarani. Miaka 20 imepita, na kwa watu wa pale hiyo bado ni alama ya njia, kama sisi tunavyosema "shuka kwenye dubwi la kwanza". Wanakimbilia uhuru wanapita pale.

Kwa kazi ya kupeleka habari katika wiki zilizofuata alileta hesabu yake: siku 17 kwa shilingi 5 kwa siku. Serikali mpya ikakata, ikamlipa 4. Nilicheka peke yangu hadi mke wangu akauliza kuna nini. Ofisi moja hapa mjini, ambayo sitaitaja, iliniagiza kibao cha shaba cha mlangoni, ikakipokea, ikapunguza bei baada ya kukigongelea misumari.

Wakati ule Revere hawezi kurudi Boston, angekamatwa. Rachel yuko ndani ya mji uliozingirwa na watoto wa mke wa kwanza pamoja na mwanawe mchanga. Rachel akakusanya pauni 125, akazitia na barua fupi ya mapenzi, akampa mtu waliyemwamini, daktari Church, ampelekee mumewe. Church alikuwa jasusi. Barua ile ilikutwa baadaye katika makaratasi ya jenerali wa Uingereza. Kuhusu pauni 125, jaza mwenyewe. Mwezi wa tano Rachel alitoka na watoto kumfuata mumewe Watertown. Karakana akaachiwa Paul mdogo, mtoto wa Sarah, mwenye miaka 15, alale humo na kulinda vyombo. Mimi katika habari zote za mtu huyu namfikiria zaidi yule kijana, usiku, askari wakipita nje, amekaa na fuawe ya baba.

Kwa hiyo, Mama, hadi miaka 50 yake Paul Revere hakuwa tajiri. Alikuwa mtu wa vijiko, meno, picha na nyumba ya mbao ya North Square aliyoinunua 1770, nyumba iliyokuwa na miaka kama 90 tayari. Mali ilikuja baadaye, na ilikuja kwa kitu ambacho bwana wako anakanyaga kila siku katika lupango lenu, uani kwenu. Soma barua inayofuata.

Swali: "Mzee Fundi, mwalimu wetu alisema zamani meli za baharini zilivalishwa shaba. Nikamuuliza kwa nini chuma kisitumike, akasema tuendelee na somo. Wewe unajua? — Mwanafunzi, Kamalondo."

Jibu: Mwanangu, sisi wa Lubumbashi bahari tunaisikia tu, lakini shaba imeijua kabla yetu. Meli zilikuwa za mbao, na baharini kuna mdudu laini kama mnyoo anayetoboa mbao akakaa ndani. Nje unaona tundu la sindano, ndani ubao umekuwa kama sega la nyuki. Pia viumbe vidogo vyenye magamba magumu na majani ya bahari hushika tumbo la meli, ikawa nzito. Bamba jembamba la shaba humzuia mnyoo, na viumbe hivyo havipendi kukaa juu yake. Chuma kingeliwa na chumvi. Na ukichanganya misumari ya chuma na bamba la shaba ndani ya maji ya chumvi, misumari inaoza mbio. Ndiyo maana hata misumari na pini zilitakiwa ziwe za shaba.

Waingereza walijua kufanya hayo yote, na hawakufundisha wengine. Wamarekani walipojenga manowari zao za kwanza, bamba zilitoka Uingereza. Hapo Paul Revere wa barua ya juu anaingia. Mwaka 1788 alifungua fonderi yake Boston, karibu na maji. 1792 akasubu kengele yake ya kwanza, ya kanisa lake. Ilikuwa mbaya! Mchungaji Bentley wa Salem aliandika katika kitabu chake cha kila siku kwamba sauti haikuwa safi wala haikudumu. Namwelewa. Kengele yangu ya kwanza, ya parokia moja ya kijijini, nilikosea kipimo: kengele inataka kama sehemu nne za shaba kwa moja ya bati halisi, lile linalotoka kwenye kasiterite, na mimi nilipunja bati kwa sababu ya bei. Ilipogongwa, katekista alitazama kama nani ameangusha sufuria. Revere hakuacha. Kengele yake ya kanisa la King's Chapel, ya mwaka 1816, ina zaidi ya kilo 1,000 na bado inalia hadi leo.

Kisha akatafuta siri ya shaba ya moto, jinsi ya kuifua ikiwa nyekundu bila kupasuka, apate pini za meli. Akaipata. Mwaka 1801, akiwa na miaka 66, umri ambao hapa watu wangekuwa wanamletea kiti cha kuegemea, alinunua kinu cha zamani cha baruti pale Canton, kando ya mto, akakigeuza laminwari. Alitia dola 25,000 zake mwenyewe. Serikali ikamkopesha 10,000 na shaba ya kuanzia. Aliandika kwamba itamkomba hadi senti ya mwisho.

Laminwari ni nini? Nilisimama mbele ya moja miaka mingi, nitakueleza. Ni magogo mawili mazito ya chuma, moja juu ya lingine, yanazunguka kwa kupingana, kama mama wawili wanaokamua nguo. Unaingiza kipande kinene, kinatoka upande wa pili kirefu zaidi na chembamba zaidi, kikiwa cha moto hadi nyusi zinakunja. Unakaza magogo, unakipitisha tena. Baada ya kupita mara kadhaa shaba inakuwa kaidi, inataka kupasuka kingo, basi inarudi motoni, inalainika, inaanza upya. Kwa Revere magogo yalizungushwa na maji ya mto. Kwa nyundo, bamba moja la meli lingemchukua mtu siku nzima na bado lingekuwa na vidonda. Gogo linatoa bamba sawasawa, unene mmoja.

Mwaka 1802 bamba zake zilifunika kuba la jengo la serikali Boston, na 1803 zilivalishwa manowari Constitution. Baadaye boila za meli za mvuke za Robert Fulton zilitumia shaba yake. Yeye alifariki Mei 1818, na kinu kikabaki mikononi mwa Joseph Warren Revere, yule mtoto aliyeitwa jina la rafiki wa meno. Baba alikuwa ameshampeleka Ulaya akaangalie viwanda vya wenzao.

Na miaka hiyohiyo, mwanangu, nkambo zetu, mababu, hapa Katanga walikuwa wanajenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wanajaza jiwe la kijani na makala, wanavuta mivukuto, na shaba inamiminwa kwenye kalibu ya msalaba. Misalaba ile ilinunua chumvi, nguo, hata mke. Kwa hayo yote hakuna aliyehitaji meli. Mwambie mwalimu wako, kwa heshima, kwamba hilo pia ni somo.

Swali: "Baba Fundi, uliandika kwamba shaba ikikaidi ipashwe moto hadi iwe nyekundu kisha itiwe majini. Fundi jirani anasema nikitia majini itakuwa ngumu kama panga. Nimuamini nani? — Mfua shaba mdogo, mtaa wa Kenya, Lubumbashi."

Jibu: Jirani yako alizoea kufua visu. Chuma cha kisu ukikitosa majini kikiwa chekundu kinakuwa kigumu, shaba hapana. Shaba moto ndio unaoilainisha, maji yanaipoza tu na kuibandua ile ngozi nyeusi ya juu ili ndovu wako asitoke na madoa. Ukitaka iache ipoe yenyewe, itakuwa laini vilevile, ila utasugua zaidi. Jaribu vipande viwili, kimoja majini na kimoja juu ya jiwe, kisha vikunje kwa vidole mbele ya jirani. Makala yakikuishia, njoo kwangu Jumamosi asubuhi, kabla ya saa nne. Baada ya hapo mke wangu anataka jiko lake.